Iringa ilimcheka Mpemba. Sasa ifundishe namna ya kumsikiliza

Wanafizikia wa Canada, Japani, Hispania, Israeli na Austria wanaendelea kuchapisha makala zenye jina la Mtanzania kwenye vichwa vyake. Athari ya Mpemba, yaani hali ya maji ya moto kuganda mapema kuliko ya baridi yakiwekwa pamoja kwenye friza, ilianzia kwenye maziwa ya wanafunzi wa bweni na sasa imefika kwenye hesabu za chembe zisizoonekana kwa macho. Huku nyumbani tunalitaja jina hilo kwa fahari, kama tunavyomtaja mchezaji wetu aliyesajiliwa Ulaya. Fahari hiyo ni halali, lakini naona tumeshika nusu ya habari. Tunamsifu kijana aliyeuliza na tunampita aliyekubali kwenda kupima. Ukiangalia yaliyotokea Iringa na kule Rungwe, mkoani Mbeya, utakuta maswali mazuri hayajawahi kuwa haba katika Nyanda za Juu Kusini. Kilicho haba ni mtu mwenye elimu na cheo anayeletewa jambo asilolitarajia na mtu aliye chini yake, asilicheke wala asilimeze, akalipeleka kwenye kipimo. Mtu wa namna hiyo hazaliwi hivyo. Anafundishwa, na mahali pa kumfundishia tunapo.

Tuanze na habari yenyewe, maana husimuliwa kwa kurukwarukwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanayachanganya na sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake aliiwahi kwa kuweka maziwa ambayo hakuyachemsha, na Mpemba akaona kwamba akingoja yake yapoe atakosa pa kuyaweka, basi akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yakiwa bado majimaji mazito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akalikubali jibu. Baadaye, mjini Tanga, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza aiskrimu za kuuza alimweleza kwamba yeye huziweka zikiwa za moto makusudi, kwa kuwa hivyo ndivyo zinavyowahi kuganda. Mfanyabiashara mdogo wa Tanga alikuwa tayari anapata riziki kwa ujuzi ambao darasa lilikuwa limeukataa.

Mpemba alifaulu, akaja Iringa kusoma kidato cha tano katika sekondari ya Mkwawa. Shule hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikiitwa St Michael's and St George's, na baada ya Uhuru ikapewa jina la mtawala wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Mada ya joto ilipofika na sheria ya Newton ya kupoa kuandikwa ubaoni, Mpemba aliuliza tena swali lake la Magamba. Mwalimu alimbishia, na Mpemba aliposhikilia alichokiona, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaidaka kauli hiyo. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, mwalimu na wenzake walisema hizo ni hesabu za Mpemba. Kijana hakunyamaza. Aliingia katika maabara ya biolojia, akaweka maji ya bomba kwenye chombo kimoja na ya moto kwenye kingine, akavitia vyote kwenye jokofu, na baada ya saa moja akakuta barafu nyingi zaidi kwenye chombo kilichoanza na maji ya moto.

Sitaki kumlaumu mwalimu yule kupita kiasi. Kwa sheria aliyokuwa akiifundisha, jibu lake lilikuwa na mantiki: maji ya nyuzi 100 ni lazima yapite kwenye nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri, sasa yatawezaje kumtangulia aliyeanza pale pale kwenye 35? Hata leo ukimuuliza mtu aliyesoma vizuri, hilo ndilo jibu la kwanza litakalomtoka. Kusema "haiwezekani" si kosa lenyewe. Kosa ni kwamba maabara ilikuwa hapo hapo shuleni na jokofu lilikuwamo, jaribio lenyewe lingechukua kama saa moja, na bado neno la mwisho likawa utani.

Aliyefanya tofauti alikuwa mgeni. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika shuleni hapo kuzungumza na wanafunzi, na muda wa maswali ulipofika Mpemba akasimama na swali lile lile. Wenzake waliona aibu na baadaye wakamsema kwamba amewafedhehesha mbele ya mgeni. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali, akamuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Alipoambiwa ndiyo, akakiri mbele ya wanafunzi kwamba hajui, na akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Hakusema kwamba anamwamini kijana. Aliandika baadaye kwamba alidhani kijana amekosea. Tuliangalie hilo kwa makini, kwa sababu ndipo ilipo thamani yote ya habari hii: mtu hakuamini, na bado akaenda kupima.

Huko Dar es Salaam fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Walirudia, na matokeo yakabaki vile vile. Osborne akaendelea kutafuta sababu. Alipotandaza utando wa mafuta juu ya maji aligundua kuwa kuganda kunachelewa sana, akahitimisha kwamba joto jingi hutokea juu, kwenye uso wa maji. Mwaka 1969 makala ilitoka katika jarida la Physics Education la Uingereza ikiwa na majina mawili, na la kwanza likiwa la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, Moshi. Mpemba alikuja kufanya kazi ya uhifadhi, si ya fizikia. Msomi aliyekubali kutanguliwa na mwanafunzi kwenye makala ya kisayansi hakufanya jambo dogo, iwe miaka ya 1960 au leo.

Kauli ya yule fundi wa maabara nairudia kwa sababu inaishi mpaka sasa katika shule zetu. Mwanafunzi anayefanya jaribio la pendulamu anajua kabla hajaigusa kamba kwamba mwalimu anataka 9.8. Akipata 9.2, hajiulizi kamba yake ina tatizo gani au saa yake imechelewa wapi. Anapika data. Neno hilo kila aliyepita maabara ya sekondari ya Tanzania analijua, na linasemwa bila haya. Tumeyafanya majaribio kuwa njia ya kuthibitisha kilichokwisha andikwa, na tukishamfundisha mtoto kwa miaka sita kwamba kipimo kinachopingana na kitabu hufutwa kwa raba, hatuna haki ya kushangaa akifika chuo kikuu bila swali lake mwenyewe.

Huenda mtu akasema ya Osborne ilikuwa bahati ya siku moja na mgeni mmoja mwenye hekima. Basi twende Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walioujua msitu wa mlima huo walikuwa na habari za kima mwenye haya, anayekaa juu sana kwenye miti, wakimwita kipunji. Mapema mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS waliokuwa wakichunguza misitu hiyo waliisikia habari hiyo. Wangeweza kuiacha. Simulizi za wanyama wa msituni ni nyingi, nyingine za wanyama halisi na nyingine za kutisha watoto, na mtaalamu mwenye kazi nyingi anapata urahisi kuziweka zote kapu moja. Waliamua kumtafuta. Mwezi Mei walimwona kwa shida katikati ya majani, na mpaka Desemba 2003 walikuwa wamejiridhisha kwamba ni mnyama asiyekuwamo katika orodha yoyote ya sayansi. Mwaka 2004 kikundi kingine, pasipo kujua habari za Rungwe, kikamwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, upande wa Iringa, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Makala ya pamoja ilichapishwa katika jarida la Science mwaka 2005.

Yaliyofuata yanavutia zaidi. Mwaka huo huo kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi mlimani Rungwe, na uchunguzi wa mwili wake ulionyesha kwamba hakufaa kuingizwa katika kundi lolote lililopo. Mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Kwa hiyo mnyama aliyekuwa akiiba mahindi, anayefahamika kwa wakulima kiasi cha kutegewa, alikuwa nje ya maarifa ya dunia mpaka mwanzoni mwa karne hii, na wakati wote huo kati ya maarifa ya mkulima na ya dunia palikosekana msikilizaji tu. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba wamebaki 1,117. Hapa kuchelewa kusikiliza kuna gharama inayohesabika, maana msitu uliokuwa ukikatwa miaka yote hiyo ulikatwa bila mtu wa kuutetea kwa jina la mnyama aliyekuwa ndani yake. Na kwa haki, watafiti hao waliliacha jina walilolikuta: kwenye vitabu vya sayansi anaitwa Rungwecebus kipunji. Kimondo cha Mbozi, ambacho wenyeji walikijua tangu zamani, hakikupata bahati hiyo. Taarifa zake huanza mwaka 1930 na mpimaji ardhi aliyetoka Johannesburg, kana kwamba kabla yake jiwe lile la chuma halikuwa na mtu wa kulitazama.

Zipo hoja dhidi yangu, na ya kwanza ni nzito: athari yenyewe haina hakika. Aristotle aliizungumzia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Francis Bacon na Descartes wakaigusa, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Walionyesha kwamba kipimajoto kikisogezwa kama sentimita moja tu kinaweza kuleta matokeo ya udanganyifu. Kwa nini basi tujivunie jambo la zamani na lenye utata? Nakubali utata huo. Maelezo yaliyotolewa ni mengi, kuanzia mvuke unaopunguza maji ya moto, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, mikondo inayozunguka chomboni, hadi barafu ya chini ya chombo inayoyeyushwa na joto na kukifanya kikae vizuri kwenye ubaridi. Chama cha Kemia cha Uingereza kiliposhindanisha maelezo mwaka 2012 kilipokea majibu yapatayo 22,000, na mjadala haukufungwa. Lakini mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Canada waliionyesha athari hiyo waziwazi katika jarida la Nature kwa kutumia chembe ndogo sana ndani ya maji, wakiwa na nadharia inayotabiri lini itatokea na lini haitatokea. Burridge na Linden hawamdhalilishi Mpemba. Wamemfanyia heshima ambayo darasa la Iringa lilimnyima, kwa kulichukua dai lake kwa uzito wa kutosha kulipima. Kuhusu Aristotle, ukweli kwamba yeye na Bacon waliandika, na bado mwalimu wa miaka ya 1960 akasema haiwezekani, unaonyesha jinsi maarifa yanavyoweza kuwekwa rafuni yakasahaulika mpaka mtu mwingine ayaone kwa macho yake.

Hoja ya pili inaniuma zaidi. Mtu anaweza kusema: unatuambia tuwasikilize wenyeji, lakini katika nyanda hizi hizi zimesikilizwa pia kauli za waganga kwamba kiungo cha mtu kinaleta utajiri, na mwaka 2019 watoto wa Njombe waliuawa kwa imani za namna hiyo. Kila kinachosemwa kijijini si ujuzi. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu nimesisitiza kwamba Osborne hakuamini. Kusikiliza ninakokusemea hakufanani na kukubali. Kima wa Rungwe alitafutwa akaonekana. Maji ya moto yaliwekwa kwenye jokofu yakahesabiwa dakika. Dai lisilokubali kupimwa, au linalotaka damu ili lithibitishwe, linaanguka kwenye mlango huo huo wa kipimo. Jamii iliyozoea kupima ndiyo yenye kinga dhidi ya mganga. Jamii iliyozoeshwa kumeza neno la mwenye cheo darasani italimeza na la mwenye cheo porini, kwa sababu koo ni lile lile moja.

Hoja ya tatu inatoka kwa walimu wenyewe, na ndiyo inayostahili jibu la vitendo. Mwalimu wa fizikia wa sekondari ya kata huko Kilolo au Busokelo ana darasa lililojaa, maabara yenye vifaa pungufu, mada za kumaliza kabla ya mtihani wa taifa, na shule yake inapimwa kwa wastani wa ufaulu. Akisimamisha kipindi kwa kila swali la ajabu, Baraza la Mitihani halitamsubiri. Zaidi ya hapo, mwanafunzi anatakiwa aulize kwa Kiingereza. Wengi wana swali kamili kwa Kiswahili, au kwa Kihehe na Kinyakyusa, lakini linafia mdomoni wakati wakitafuta vitenzi vya lugha nyingine, na mwalimu anaondoka akidhani darasa limeelewa. Haya yote ni ya kweli. Mtaala unaojiita wa umahiri umekuwapo sekondari tangu 2005, na kubadili jina la mtaala hakukubadili kinachopimwa mwishoni. Ila Osborne naye hakusimamisha kipindi. Alitumia dakika mbili: rudia swali lako, umelifanya mwenyewe, sijui, nitajaribu. Hakuna mtaala unaokataza maneno hayo, na hayahitaji bajeti ya halmashauri. Yanahitaji mwalimu ambaye alipokuwa chuoni alizoezwa kuyasema bila kuona kwamba amepungukiwa hadhi mbele ya watoto.

Ndipo ninapofika Mkwawa. Eneo la shule aliyosoma Mpemba sasa ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na kazi yake ni kuandaa walimu, wakiwamo wa sayansi. Hakuna chuo kingine duniani kinachoweza kuwaambia wanafunzi wake wa ualimu: swali hili lilichekwa hapa, sasa tuambieni ninyi mngefanya nini. Napendekeza chuo kifanye hivyo rasmi. Kila mwalimu mwanafunzi wa sayansi anayepelekwa mazoezi ya kufundisha arudi na swali moja la mtoto ambalo yeye alishindwa kulijibu, likiandikwa kwa lugha aliyoulizwa, pamoja na jina la aliyeuliza. Yale yanayoweza kupimwa kwa kipimajoto, mizani na saa yapimwe katika maabara za chuo na majibu yarudishwe shuleni, hata kama jibu ni kwamba bado hatujui. Yanayohitaji vifaa vikubwa yapelekwe Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Miaka ya 1960 ilibidi mhadhiri asafiri kutoka Dar es Salaam ndipo kijana wa Iringa apate wa kumsikiliza. Leo Iringa na Mbeya zina wahadhiri wake, na umbali kati yao na sekondari za jirani ni wa nauli ya daladala.

Kuna watakaosema kwanza tujenge sanamu, au tuliite jengo jina la Mpemba. Sipingi, ila naogopa tukishajenga tutaona deni limelipwa. Mabadiliko ninayoyaomba yaanzie kwenye karatasi wanazobeba wathibiti ubora wa shule. Leo mwalimu anaulizwa kuhusu azimio la kazi, andalio la somo na idadi ya vipindi alivyofundisha. Iongezwe nafasi ya mistari michache: ni swali gani la mwanafunzi lilikushinda muhula huu, na baada ya hapo ulifanya nini.